Megabiti Arobaini Kamili

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Kalamu inavuja, kidole kimekuwa bluu, lakini lazima niandike.

Mzee Ondiek ametangaza mashindano. Yeye ndiye mwenyekiti wa wapangaji wa haya majengo mawili ya ghorofa, hapa ukingoni mwa Nyalenda. Jengo A linatumia intaneti yangu mimi, Wabwire. Jengo B linatumia ya Waithira. Nyumba kumi na nane kila upande. Kila upande una faiba yake ya gigabiti moja, yaani megabiti elfu moja, na kazi yetu ni kuigawa kwa wapangaji bila mmoja kumnyang'anya mwenzake. Mzee asema atapima wiki nzima. Jumamosi anachagua mtu mmoja. Huyo mmoja atapewa majengo yote mawili. Mwingine akunje waya zake aende.

Ahadi ni moja kwa wote: kila nyumba megabiti arobaini.

Nikasimama mbele ya watu nikasema mimi hugawa intaneti kwa mizani, tone kwa tone, kama dawa ya mtoto. Mzee akauliza kama ni kweli. Nikasema haki ya Mungu. Akatoa daftari, akaandika.

Nasipwondi akanikanyaga mguu. Huyu ni binti wa mjomba wangu na fundi wangu wa pekee, mwenye akili nyingi na imani kidogo. Akaninong'oneza kwamba Mzee, kabla ya kustaafu, alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Miaka thelathini na moja! Akizunguka masoko na fuo za ziwa, akikamata watu wa kilo zisizotimia.

Vizuri sana! Hatimaye mtu anayethamini kazi!

Waithira alikuwa pembeni. Alisimama tu na kikombe chake cha chai. Mwanamke mpole kutoka Nyeri. Nadhani hata chapati huikata kwa rula. Namhurumia.

Jumanne, 10 Juni

Aibu ndogo. Ndogo sana.

Mzee amepima saa tatu, saa sita na saa kumi. Anatumia ule ukurasa wa kupima kasi ambao watu wote wanaujua, wenye sindano inayopanda kama ya gari. Jengo B: arobaini, arobaini, arobaini. Jengo A: thelathini na moja, hamsini na mbili, ishirini na saba. Akaandika. Hakukunja uso. Afadhali angekunja.

Nasipwondi amenieleza mara mbili, ya pili kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kompyuta yetu inayogawa ni kuukuu na saa yake ni nzito. Inafungua lango mara mia moja kwa sekunde. Kila ikifungua inamwaga mzigo wote kwa mpigo, kisha inafunga. Akanivuta hadi kwenye kioski cha maji nione. Mama wa kioski alifungua mfereji wote mara moja. Ndoo ilijaa. Lakini mzee mmoja mwenye chupa ya mdomo mdogo alilowa viatu, na chupa ikabaki nusu. Maji yaliyotoka ni yale yale, asema Nasipwondi, ila kwenye chupa hayamo. Tukitaka usawa tufungue kidogo kidogo, mara maelfu kwa sekunde. Hiyo inataka kadi ya mtandao yenye saa yake yenyewe, au siku nne za kukaa chini na kurekebisha mipangilio.

Siku nne! Kwa ajili ya sehemu ya mia ya sekunde! Nani anaishi humo? Hata mbu hawezi kung'ata kwa muda huo.

Nikipanda juu, Dolphine wa nyumba namba kumi na mbili akanisimamisha ngazini. Ni nesi. Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili wa video na hospitali moja ng'ambo. Ameingoja nafasi hiyo miaka miwili. Akaniomba kwa heshima kabisa: siku hiyo moja tu, isikatike. Nikamwambia alale usingizi. Nikamwambia hata akipepesa jicho wataliona jicho.

Msichana mzuri. Ana wasiwasi wa bure.

Jumatano, 11 Juni

Upelelezi!

Nimevaa ovaroli ya fundi wa bomba, kofia hadi kwenye nyusi, spana begani. Nikaingia Jengo B kama mwenyewe. Nikagonga mlango wa ofisi ya Waithira, nikasema kwa sauti nzito kwamba nimetumwa kuangalia bomba.

Akajibu, "Bomba ziko nje, Wabwire. Lakini ingia, chai iko."

Sijui alinijuaje.

Basi nikaingia. Hakuficha kitu! Akanionyesha mashine yake, ndogo, safi, imefunikwa kitambaa kama redio ya nyanya yangu. Alisema kadi yake huipa kila pakiti, kile kifurushi kidogo cha data, saa yake ya kuondoka. Hii sasa. Inayofuata, kwa mtu wa megabiti arobaini, baada ya sehemu mia tatu za milioni ya sekunde. Inayofuata, hivyo hivyo. Hakuna anayesukumana mlangoni. Aliniambia mbio si dawa kama unafika na wenzako wote kwa pamoja.

Sikusikiliza sana. Nilikuwa nahesabu taa za mashine nipate kuikariri.

Halafu akafanya jambo la kushangaza. Akafungua kabati. Ana kadi ya pili kama ile! Akasema niazime hadi Jumamosi, mashindano yawe ya haki.

Niazime! Kutoka kwa adui! Watu waseme nini? Nikakataa kwa adabu, nikamaliza mandazi, nikatoka.

Na hapo ngazini, ghorofa ya pili, wazo likanishukia. Lilinishukia kwa nguvu hata nikashika ukuta. Mzee hapimi intaneti! Mzee anapima *ukurasa wa kupima*! Sasa, kama mashine yangu ingeutambua ukurasa huo, na huo peke yake ikaufungulia lango wazi, bila mizani, bila arobaini, bila chochote...

Nimemweleza Nasipwondi. Aliweka koleo chini. Kisha akasema huo ni wizi. Nikamwambia ni wizi gani unaompa mtu zaidi? Akasema yeye mkono wake hautagusa. Sawa. Wangu upo.

Alhamisi, 12 Juni

Mia tatu na kumi!

Narudia kwa herufi nitakazozikumbuka uzeeni: MIA TATU NA KUMI. Kwenye simu ya Mzee Ondiek mwenyewe, saa tatu na dakika tano asubuhi. Sindano ilipanda ikagonga mwisho. Watu walitoka kwenye baraza za ghorofa zote. Bwana Wakhisi wa namba saba akapima akapata mia nne, akapiga mluzi. Becky wa namba tisa akapima kwa waya, akapata mia sita! Mia sita hapa Nyalenda! Nilibebwa. Kweli, nilibebwa, mpaka karibu na kamba za nguo.

Mzee aliniuliza niliahidi ngapi. Nikasema arobaini. Akauliza na hii ni ngapi. Nikasema ni nyongeza, Mzee, kama mama wa soko anavyokutupia nyanya mbili juu ya fungu.

Aliandika kwa muda mrefu. Daftari lake linakaribia kwisha. Ishara njema!

Mchana wote jengo limekuwa kama uwanja wa mpira. Wakhisi na Becky wanashindana. Mmoja akipata mia nne na hamsini, mwingine anashuka ngazi kumwonyesha mia tano. Hakuna anayetazama video tena, hakuna anayesoma habari. Wote wanapima! Sijawahi kuona wateja wenye furaha hivi.

Nikaona nizidishe. Nimeazima kipaza sauti cha kanisa. Nimebandika tangazo mlangoni: KESHO IJUMAA SAA NNE KAMILI, MASHINDANO MAKUU YA KASI, ATAKAYEPATA NAMBA KUBWA ATAPEWA MBUTA MZIMA. Nimeshaongea na mama mmoja wa Dunga kuhusu samaki. Mzee atayaona kwa macho yake siku moja kabla ya uamuzi.

Saa nne Ijumaa. Kuna kitu kilikuwa kinanikuna kichwani kuhusu saa hiyo. Kimepita.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike nini.

Saa nne kasoro mbili nilikuwa uani, kipaza sauti mkononi, mbuta kwenye beseni, kilo saba, macho bado yanang'aa. Nasipwondi alikuwa ameenda mjini kununua viungio vya waya, na funguo za stoo ya paani, ambako mashine inakaa, alikuwa nazo mfukoni.

Saa nne kamili nikapaza: "Anzeni kupima!" Simu kumi na saba zikaanza kwa pamoja.

Sekunde ishirini baadaye nikasikia yowe kutoka namba kumi na mbili.

Nilipanda ngazi tatu tatu. Dolphine alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake, juu amevaa koti jeusi la usaili, chini amejifunga leso. Kwenye kioo kulikuwa na wazungu watatu wamegandishwa, mmoja mdomo wazi, mwingine jicho moja limefungwa. Sauti ilikuja vipande vipande: mgon... ...umo... ...fanya nini. Walikuwa wanamwuliza kuhusu mgonjwa, na yeye hakusikia ni mgonjwa gani wala ana nini. Alinitazama. Hakunitukana. Machozi yalikuwa yamejaa ila hayajaanguka, kwa sababu kamera ilikuwa bado inawaka.

Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokuwa kinanikuna.

Nikatoa simu niingie kwenye mashine niufute ule mpango. Haikufunguka! Nami huingia kwenye mashine yangu kwa kupitia intaneti, na intaneti ilikuwa imejaa vipimo vyangu mwenyewe hadi mlangoni. Nikakimbia dirishani na kipaza sauti: "Acheni kupima!" Kile kipaza sauti cha kanisa kina ugonjwa wake. Watu wakasikia "Anzeni kupima." Wakaanza upya. Wakhisi alikuwa na simu mbili!

Basi nikafanya anachofanya mtu aliyeishiwa mbinu. Nikashuka hadi kwenye kisanduku cha umeme, nikazima jengo lote.

Kimya. Nilijisifu kwa sekunde moja. Kisha nikakumbuka kwamba ruta ya Dolphine nayo inatumia umeme.

Dolphine alipotokea mlangoni ameikumbatia kompyuta yake, Waithira alikuwa tayari uani. Sijui nani alimwita. Labda ni lile yowe. Alisema maneno mawili tu: "Dada, njoo." Dolphine akakata uwanja mbio, koti juu, leso chini, miguu mitupu, akapita mbuta wangu kwenye beseni, akaingia Jengo B. Mlango ukafungwa.

Nilisimama nje ya dirisha. Kwa nusu saa nilimsikia akijibu. Sauti yake ilianza ikitetemeka, kisha ikatulia. Na sauti za wale wa ng'ambo zilikuwa wazi kana kwamba wamekaa kwenye kochi la Waithira. Jengo B zima lilikuwa linatumia intaneti kama kawaida. Waithira hakumzima mtu yeyote. Hakuhitaji.

Mzee Ondiek akashuka na shati lake la kanisa, nusu limepigwa pasi. Akatazama kisanduku cha umeme. Akanitazama. Akaandika mstari mmoja.

Jioni nilimpelekea Dolphine mbuta kuomba msamaha. Aliniambia aliliamini neno langu kwa sababu nililisema kwa furaha, na hatarudia kosa hilo kwa mtu yeyote mwenye furaha. Samaki alimpokea. Msamaha hapana.

Nalala mapema, na njaa.

Jumamosi, 14 Juni

Uamuzi umetolewa saa tano, uani, wapangaji wote wakiwepo. Mzee alisimama na daftari lake. Nitaandika alivyosema, maana sidhani nitasahau.

Alisema tangu Alhamisi amekuwa akipima mara mbili. Mara moja kwa ule ukurasa wa sindano. Mara ya pili kwa kupakua video ya kwaya, akiwa na saa yake ya mkononi. Kwa Waithira, arobaini na arobaini. Kwangu, mia tatu na kumi kwa sindano, ishirini na tisa kwa kwaya.

Kisha akafunga daftari.

"Wabwire, mwanangu. Nimekamata mizani yenye sumaku. Nimekamata yenye risasi ndani ya jiwe. Kule Usenge nilikamata moja iliyofungwa uzi, mama anaivuta kwa kidole cha mguu. Yako ndiyo mizani ya kwanza kuona inayonijua sura. Nikifika inasimama wima. Nikigeuka inalala."

Watu walicheka hadi wengine wakaketi chini. Nikajitetea kwamba angalau nilizidisha, sikupunguza. Mzee akatikisa kichwa. Akasema inayozidisha na inayopunguza zote ni mbovu, kwa sababu cha kuzidishia kimetoka kwa mtu. Akaelekeza kidole namba kumi na mbili.

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi pia nilitazama viatu vyangu. Nitasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilitamani kuwa mdogo kuliko ile sehemu ya mia ya sekunde.

Waithira amepewa majengo yote mawili.

Jumatatu, 16 Juni

Habari juu ya habari!

Kwanza: Dolphine amepita! Amepigiwa simu asubuhi. Alipiga kelele hadi Wakhisi akadhani ni moto. Walimsifu kwa utulivu wake wakati mawasiliano yalipoharibika, wakasema hivyo ndivyo nesi wa dharura anavyotakiwa kuwa. Nikamwambia basi tunaweza kusema nilimsaidia. Alinitazama. Nikasema tunaweza pia kutosema.

Pili: Waithira amemwajiri Nasipwondi kuwa fundi mkuu. Nasipwondi alikubali kabla swali halijaisha.

Tatu: ameniajiri na mimi! Nilidhani anatania. Amesema najua kupanda ngazi, najua kuvuta waya, na watu hunisikiliza hata wakati hawapaswi. Nitavuta waya na kuzungumza na wateja wapya. Sharti ni moja, na Nasipwondi alilirudia, na Mzee Ondiek aliyekuwa anapita akalirudia pia: nisiguse mashine.

Nimekubali. Nimejifunza, shajara yangu. Nimejifunza kabisa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kipimo halali. Hata sukari kwenye chai nimeisawazisha kwa kisu.

Alhamisi, 19 Juni

Kombewa! Waithira amenituma kuzungumza na wafanyabiashara wa soko. Wanataka intaneti, maduka ishirini na mawili. Walikaa kwenye mabenchi wakanisikiliza kwa makini sana, na mtu akikusikiliza kwa makini hivyo unajikuta unasema mambo. Niliwaambia arobaini kamili, asubuhi na jioni, mvua na jua. Mama mmoja wa vitambaa akauliza watajuaje kwamba ni arobaini kweli.

Swali zuri mno! Nilisimama katikati ya soko kama niliyepigwa na radi, mkono hewani. Kosa langu lote la wiki iliyopita limenijia wazi, wazi kama ziwa saa sita mchana. Nashangaa halikuonekana mapema.

Kosa langu lilikuwa kutegemea kipimo cha watu wengine!

Kwa nini nihangaike kudanganya sindano ya mtu, wakati ninaweza kuwa na yangu? Ukurasa wangu mwenyewe! Si mashine, Waithira alisema nisiguse mashine, hakusema chochote kuhusu ukurasa. Sindano yake haitapanda mia tatu, hapana, nimekoma tamaa hiyo. Itapanda taratibu, kwa heshima, mpaka arobaini kamili, na hapo itasimama. Asubuhi arobaini. Jioni arobaini. Hata panya akikata waya, arobaini! Mkaguzi gani atalalamika?

Nimewaambia waje Jumanne waione. Mama wa vitambaa ameomba iwe ya kijani. Nimeshaanza kuichora.